Kigoma: bodaboda anavunja mguu, ukoo unauza shamba la michikichi, na bima ya lazima imekaa kimya. Mpaka lini?

Wakuu, salamu baadaye.

Kila pikipiki inayobeba abiria, kuanzia Mwanga sokoni mpaka Ujiji, Mwandiga, Kidahwe na kushuka Uvinza, inatakiwa iwe na bima ya mtu wa tatu. Hilo si hiari, ni Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Bima hiyo iliwekwa kwa ajili ya mwenda kwa miguu aliyegongwa na abiria aliyelipa nauli akaishia wodini. Sasa mbona majeruhi akilazwa, jioni yake tu kikao cha ukoo kinakaa kujadili shamba lipi liuzwe, na hakuna anayetamka neno bima? Polisi kimya. Hospitali kimya. Mwenye pikipiki ndiyo kabisa, anakuja na juisi na elfu hamsini ya pole.

Tuone kwanza hela inapoishia, maana wengi wanadhani ni "upasuaji" basi.

Chukua ajali ya kawaida kabisa ya huku kwetu: mfupa wa ugoko umevunjika na umetoboa ngozi. Huyo anatakiwa apate antibayotiki ya mshipa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, pamoja na sindano ya pepopunda. Kisha kidonda kisafishwe chumba cha upasuaji, siyo kupanguswa na spiriti pale mapokezi. Kusafisha huko kunakula dripu za chumvi kuliko mnavyofikiri: kidonda kidogo lita 3 hivi, kilichopondeka na kujaa mchanga wa barabarani kinafika lita 9. Kwa chupa za nusu lita hizo ni chupa 18. Ndugu akitumwa duka la nje kununua katoni nzima anaanza kulalamika kwamba anaibiwa. Haibiwi. Swali la kuuliza ni kwa nini hospitali haina dripu mpaka ndugu akanunue nje kwa bei ya mtaani, tena mara nyingine kwenye duka ambalo risiti yake ni karatasi ya daftari.

Baada ya hapo ni vyuma. Kidonda kikiwa kibaya unafungwa vyuma vya nje, vile wanavyoviita antena, na kidonda kikitulia ndipo unawekewa msumari wa ndani ya mfupa. Hapa familia nyingi zinapigwa, kwa sababu hazijui kwamba ipo misumari ya SIGN, inayotolewa kwa msaada kwa hospitali za nchi kama yetu, na inawekwa bila kuhitaji ile eksirei ya kwenye chumba cha upasuaji. Muulize daktari wa mifupa waziwazi: hapa ipo? Kama haipo, hospitali gani ya rufaa inayo? Gharama za upasuaji mtalipa, lakini msinunue chuma mkononi mwa mtu aliyekutana nanyi kwenye korido.

Rufaa nayo ni kilio kingine. Namba 115 ya m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura, ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, bure, na hongera kwa waliobuni. Aliyevunjwa na bodaboda hana 115 yake. Akiandikiwa rufaa ya hospitali ya Bugando, familia inachangishwa mafuta ya gari la wagonjwa kupitia Kasulu, Kibondo, Nyakanazi mpaka Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, lakini tanki la dizeli halijapungua. Ongeza chakula na malazi ya mtu wa kumuuguza, maana wodini bila ndugu hugeuzwi wala huogeshwi.

Hela yote hiyo inadaiwa kwa kampuni ya bima ya pikipiki, KAMA una karatasi. Na karatasi zinaharibikia ndani ya wiki ya kwanza, wakati familia nzima imeduwaa wodini.

PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ni bure. Narudia, ni bure, na kazi yake ni ushahidi. Mtu anayevuja damu anatakiwa aanze kutibiwa, fomu ifuate nyuma. Kosa linalotokea: daktari anajaza siku ya kwanza "jeraha la mguu wa kulia", fomu inarudi polisi, wiki tatu baadaye mguu umekatwa na fomu bado inasema jeraha. Toeni nakala kabla ya kurudisha, na mguu ukikatwa au mfupa ukigoma kuunga, ombeni ripoti ya daktari inayotaja ulemavu uliobaki.

Fomu nyingine za polisi ziko kwa trafiki: PF90 na PF115 za taarifa ya ajali, PF93 ya ukaguzi wa chombo, na mchoro wa eneo la ajali. Familia inaambiwa "mpelelezi yuko safari", inaondoka. Msiondoke bila namba ya jalada. Pikipiki ikiwa bado kituoni, piga picha namba ya usajili inayoanza na MC, namba ya chesisi, na jina lililo kwenye kadi ya pikipiki. Kisha ingiza namba ya usajili kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima), utaona bima ni ya kampuni gani na inaisha lini. Fanya mapema, kwa sababu pikipiki ikishatolewa kituoni wiki ijayo utaitafuta Nguruka ina rangi nyingine.

Na mnisamehe kwa hili: faini ya bodaboda ilishushwa mwaka 2021 kutoka elfu thelathini hadi elfu kumi, na inalipwa kwa namba ya malipo kwenye simu, papo hapo. Kukusanya elfu kumi mfumo unafanya kazi dakika tano. Kumpa mjeruhiwa nakala ya ripoti ya ajali, njoo kesho, njoo Jumatatu.

Halafu linakuja pigo lenyewe: kumalizana. Mwenye pikipiki anakuja na mwenyekiti wa mtaa, laki mbili au tatu mkononi, na karatasi imeandikwa "nimepokea na sina madai mengine". Baba mtu amekopa hadi kwa wauza dagaa, anasaini. Karatasi hiyo ndiyo kampuni ya bima itakayoitoa mezani miezi sita baadaye. Kama mnahitaji hela hiyo leo, pokeeni, lakini iandikwe "nimepokea kiasi hiki kwa matibabu ya awali, madai mengine yanaendelea". Akikataa kuandika hivyo, mmeshajua alikuja kununua nini.

Kesi ya dereva nayo msiiache ikaenda peke yake. Mara nyingi anakiri mahakama ya wilaya, anapigwa faini, anaondoka, na ndugu hawana habari. Nakala ya hukumu iliyogongwa mhuri ni moja ya vitu kampuni itakavyodai.

Risiti za mashine zinafutika. Zile karatasi nyembamba zikikaa mfukoni mwezi mmoja zinabaki nyeupe. Piga picha na toa fotokopi siku hiyohiyo. Mahakamani gharama ulizotumia zinathibitishwa moja moja, hakuna kukadiria.

Kampuni inatakiwa ilipe ndani ya siku 45 tangu nyaraka zikamilike. Ujanja wao uko kwenye neno "zikamilike": leo wanadai PF115, mwezi ujao hukumu, mwezi mwingine kitambulisho cha majeruhi. Kwa hiyo andika barua moja, orodhesha kila ulichowasilisha, wagonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na uwatake wataje kwa maandishi kila kilichobaki. Wakikataa kulipa, wakatae kwa barua. Jibu la "alibeba mishikaki", yaani abiria zaidi ya mmoja, kwa mdomo si jibu. Kutoka hapo ni TIRA, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa madai yasiyozidi milioni 40, ambaye hakutozi.

Naomba anayefanya kazi trafiki au bima humu atuambie: nani alipaswa kuwaambia haya watu wa Kazuramimba? Redio? Malaika?

Kijana wa Gungu: Mkuu unapiga kelele kuhusu bima wakati nusu ya hawa jamaa stika zao zimeisha. Hapo unadai nini?

Mleta uzi: Ndiyo maana nasema angalia TIRA-MIS mapema. Kinachohesabika ni siku ya ajali, si leo. Mwenye pikipiki anaweza kukimbilia kukata bima kesho yake, kwa hiyo tazama tarehe ya kuanza. Kama kweli haikuwepo, unamshitaki dereva na mwenye chombo. Na trafiki aulizwe pikipiki hiyo ilikuwa inapita vipi kila siku pale njia panda.

Tabibu wa Urambo: Niongeze upande wa mguu wenyewe, maana gharama kubwa naiona inatokea baadaye.

Kwanza, acheni kumpakata majeruhi katikati kwenye bodaboda nyingine mguu ukining'inia. Mfupa wenye ncha unakata mishipa njiani. Funga mguu pamoja na ubao au mti ulionyooka, juu na chini ya jeraha, tafuta bajaji au Noah alazwe.

Pili, antena zinahitaji kusafishwa kila siku pale chuma kinapoingia kwenye ngozi, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kitambaa safi. Usipake majivu, usipake mawese. Chuma kikilegea, pakiwa pekundu au pakitoa usaha, rudi hospitali, usingoje tarehe ya kliniki. Wagonjwa wanaokwisha hela wanakaa na antena miezi na miezi bila kurudi, usaha unaingia kwenye mfupa, na mfupa wenye usaha unatibiwa kwa upasuaji wa kurudia na dawa za muda mrefu. Hapo ndipo shamba la pili linauzwa.

Tatu, waunga mifupa. Sitagombana na mtu, ila vijiti vikikazwa kwenye mguu unaovimba damu haifiki chini. Vidole vikiwa vya baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi sana mtu akinyooshewa vidole, fungua vijiti saa hiyohiyo na mkimbize. Hilo ni jambo la saa, ukilala nalo asubuhi unazungumzia kukata.

Mama Tuju: Na dereva mwenyewe wa bodaboda akiumia je? Maana wa kwetu ndiye anayelisha nyumba.

Mleta uzi: Dada yangu, hapo ndipo pabaya. Bima ya mtu wa tatu ya pikipiki yake haimlipi yeye. Kama aligongwa na gari au pikipiki nyingine yenye makosa, anadai bima ya huyo mwingine kwa njia ileile niliyoeleza. Kama ameajiriwa na alikuwa kazini, mfano mpeleka vifurushi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, taarifa itolewe ndani ya miezi 12. Lakini vijana wetu wengi wako kwenye "mkataba", analeta hesabu kila siku mpaka pikipiki iwe yake. Mwenye pikipiki atasema huyu si mwajiriwa wangu. Tafuteni karatasi ya mkataba huo na kumbukumbu za hesabu alizotuma kwa simu, zipelekeni kwa msaidizi wa kisheria wa halmashauri kabla hamjamlipa kishoka yeyote anayezunguka wodini na fomu za kusaini. Mkienda mahakamani kwa madai ya uzembe mna miaka 3 tangu siku ya ajali.

Kijana wa Gungu: Vishoka hao wapo kweli. Wanasainisha hati ya uwakilishi mgonjwa akiwa bado amelewa dawa ya usingizi, malipo yakitoka yanaingia akaunti yao.

Mleta uzi: Hati hiyo inaweza kufutwa kwa maandishi. Pelekeni nakala ya barua ya kuifuta kwenye kampuni ya bima kabla hundi haijaandikwa, na mpate mhuri wa kupokelewa.