Hivi kwenye intavyuu kujiamini tunakupa maksi za nini?

Wakuu habari za jioni, naomba tulijadili hili kwa heshima maana linagusa ugali wa watu.

Juzi bosi wangu kasema mtu asiyeweza kujieleza mbele ya watu watatu hata kazi hataiweza, na wenzangu karibu wote wakaitikia. Mimi nimekataa, na nakataa kwa sababu nilishawahi kukosea mwenyewe.

Mwaka juzi nilikaa paneli, tunatafuta mtunza stoo. Akaingia kijana, shati limenyooka, kingereza kinateremka, anamtazama kila mtu machoni. Kwenye kujiamini nikampa 9, sawa, ila baadae naiangalia fomu yangu nakuta kwenye utunzaji wa kumbukumbu nimempa 8 wakati sikumuuliza swali hata moja la kumbukumbu! Hiyo 8 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kingereza chake. Na siyo ugonjwa wa kwetu tu, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alishaandika mwaka 1920 kuhusu maofisa wa jeshi waliokuwa wanawapa maksi askari wao, akimkubali mtu kwa jambo moja basi anampandisha na kwenye mengine yote.

Akafuata dada mmoja sauti ya chini, anaanza sentensi kwa kingereza anakwama anaomba radhi, mimi kichwani nilishamkata. Mwenzetu akampa bin kadi (kadi ya stoo inayoandikwa mzigo ukiingia na kutoka) na leja (daftari la hesabu za mzigo huo huo), kadi inasema mifuko 340, leja 304. Akaangalia kidogo tu akasema kwa kiswahili, "tofauti ni 36, inagawanyika kwa tisa, mi ningeanza kuangalia kama kuna mtu kageuza tarakimu kabla hatujaanza kutafuta mwizi". Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi tofauti huwa inagawanyika kwa tisa, na kweli zilikuwa zimegeuzwa. Hatukumchukua. Maksi za kujiamini zilimzamisha, na fomu yenye maksi hizo nilisaini mimi.

Yule kijana siyo mbovu, kazi kajifunza na tunaye mpaka leo. Ninachosema ni kwamba siku ile hatukupima stoo, tulipima namna ya kuongea.

Mtasema ajifunze kujiamini. Haya, lakini tuangalie kunatoka wapi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa kiswahili mpaka la saba, akifika form one baiolojia kingereza, jografia kingereza, akijibu vibaya darasa zima linacheka, wakati mwenzake wa ingilishi midiamu kaanza akiwa na miaka mitatu. Mara nyingi tunachokiita kujiamini ni ada aliyolipa mzazi. Halafu wengi tumelelewa ukiongea na mkubwa unainamisha macho, leo mtu wa umri wa baba yako amekaa kwenye paneli na anakukata maksi kwa ile ile adabu aliyokufundisha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubaguana kwa kabila, dini, jinsia, ulemavu, umri na mengine, ila lugha haijatajwa kwenye ile orodha. Kwa hiyo hapo anayetulinda ni dhamiri ya aliyeshika kalamu.

Kazi ya mauzo au mapokezi sawa, kuongea ndo kazi yenyewe, apimwe. Ila stoo, maabara, uhasibu? Mi naona jaribio la vitendo litangulie na maksi zake ziandikwe kabla hatujamsikia mtu akijieleza, kila mwanapaneli aandike peke yake kabla ya mwenyekiti kufungua mdomo, na mtu aulizwe mwanzoni angependa kuongea lugha gani.

Mwezi ujao nakaa tena, nafasi mbili za stoo. Bosi nimemwomba leja ianze, kasema atafikiria. Walio HR ambao mmeshaigeuza hii ratiba, mlianzaje kuwashawishi wakubwa? Na unayeona nakosea nijibu kwa hoja, hasa kama na wewe umewahi kushika hiyo kalamu.