Naomba ushauri: shangazi yupo kea homu, anaandikwa "amekataa kula"

Habari zenu wakuu. Shangazi ana ule ugonjwa wa kusahau, yupo kea homu (nyumba ya kutunzia wazee) huku Leicester, Uingereza, kaunsili (halmashauri ya mji) ndo inalipa. Kiingereza kimemtoka kabisa, anaongea Kiswahili tu, sasa wahudumu wanaandika "amekataa kula" kumbe bimkubwa anaomba maji anawe kwanza, sahani inaondolewa imejaa. Nikiwepo mimi anamaliza yote na anaulizia chai. Meneja kasema wataweka kwenye kea plani (mpango wa matunzo yake), mpaka leo kimya. CQC (wakaguzi wa hizi homu) najua wanakagua ila malalamiko ya mtu mmoja hawaamui, unaanza na homu yenyewe halafu ombudsmani (ofisi huru ya kuchunguza malalamiko). Naogopa nikiandika barua watamnunia mzee wa watu. Mliopitia hii mlianzaje? Na nikimhamisha si ndo atachanganyikiwa zaidi?