Oveni imeganda mchuzi na vipande vya kioo, naisafishaje bila kuiharibu?

MamaPacha (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa haraka. Oveni yangu ya umeme imechafuka kupita kiasi. Mchuzi ulimwagika mpaka chini, ukaungua, sasa umekuwa mgumu kama lami. Kuna na vipande vya kioo. Nimesugua kwa waya wa kuoshea sufuria mpaka mkono unauma, hautoki. Keshokutwa nina wageni na oveni ndiyo tegemeo langu. Nitumie nini?

FundiKoili
Dada, huo waya weka chini kwanza. Rangi ngumu ya ndani ukishaichubua hairudi, na uchafu utakuwa unashika hapohapo kila siku.

Zima, chomoa, iache ipoe kabisa. Vioo vikubwa okota na glavu nene. Vidogo gandamiza kwa karatasi laini iliyolowa, usifute, kwa sababu ukifuta unavikwaruza sakafuni. Kisha vuta taratibu ule mpira wa mlangoni uchungulie kwenye mkunjo wake, vioo hupenda kujificha humo. Ukimaliza, koroga bekingi soda nusu kikombe na maji vijiko vichache, iwe nzito kama dawa ya meno. Paka kwenye uchafu, usiguse koili wala matundu ya feni. Ilale usiku kucha. Asubuhi futa kwa kitambaa chenye maji, palipobaki nyunyiza siki, litatoa povu, futa tena.

Ila hivyo vioo vimetoka wapi? Kama ni kioo cha mlango usiiwashe kabisa.

BabuMpishi
Bora wewe unayesugua. Yangu ina kitufe cha kujisafisha, inapanda karibu nyuzi 480 na mlango unajifunga. Mara ya kwanza nikasahau kutoa nyavu. Zilitoka zimefifia rangi na hazitelezi tena, kila nikivuta sinia linatoka kwa kushtuka. Moshi nao ulijaa nyumba nzima, mke wangu alinihamishia sebuleni siku mbili.

MamaPacha
Asante FundiKoili. Mlango ni mzima. Ni chupa tu ilipasuka.

Zuhura_K
Chupa ndani ya oveni? Ulikuwa unapika nini humo shoga?

MamaPacha
Nilikuwa nahifadhi chakula. Chupa za kioo zenye mdomo mpana, unajaza, unafunga, unaweka oveni nyuzi 120 kwa saa moja, zikipoa kifuniko kinajivuta chini chenyewe. Jana moja ikapasuka nilipofungua mlango. Naomba turudi kwenye kusafisha.

Zuhura_K
Umejaza nini?

MzeeWaBusara
Kizazi hiki hakitaki kuwasha moto kila siku. Chakula kinaliwa kikitoka jikoni. Mnapika leo mle mwezi ujao, halafu mnashangaa magonjwa yanatoka wapi.

Zuhura_K
Mzee wangu, shikamoo, lakini watu wamehifadhi chakula kwenye chupa tangu Mfaransa Nicolas Appert alipochapisha njia yake mwaka 1810. Kuhifadhi si kosa. Swali langu bado halijajibiwa: umejaza nini?

MamaPacha
Maharage na nyama. Yalikuwa yameshaiva vizuri, si mabichi. Na nilichemsha chupa kabla ya kujaza.

MaabaraNaJiko
Mleta uzi, tusahau uchafu kidogo. Mimi kazi yangu ni vipimo vya chakula.

Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Mwenyewe hufa kwa moto, lakini spora zake, zile mbegu ngumu, huvumilia maji yanayochemka. Ukizifungia mahali pasipo na hewa, kwenye chakula kisicho na uchachu wa kutosha, zinaamka na kutoa sumu inayopooza misuli. Maharage na nyama ni chakula cha namna hiyo hasa. Matunda machachu na achari ya siki zina nafuu, kwa sababu pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) ikiwa 4.6 au chini yake spora haziamki.

Spora hizo zinauawa kwa nyuzi 121, na joto hilo lifike katikati ya chupa. Oveni uliyoiandikia 120 imepasha hewa tu. Hewa kavu hupitisha joto polepole, na katikati ya chakula chako huenda hata 100 haikufika. Ndiyo maana chakula hiki kinahitaji mtungi wa presha wa kuhifadhia, kwa muda uliopimwa. Hakuna njia ya oveni iliyo salama.

Chupa ziko ngapi, na za lini?

MamaPacha
Za jana nne, moja ndiyo iliyopasuka. Za kwanza zilikuwa kumi na mbili, zina siku tisa kabatini. Lakini vifuniko vimekaza vyote! Ukibonyeza katikati havirudi juu, havitoi hata mlio. Nilifungua moja juzi, harufu safi kabisa. Siwezi kumwaga chakula cha jasho langu kwa sababu ya kubahatisha.

MaabaraNaJiko
Kifuniko kukaza maana yake hewa haiingii. Na huyu mdudu ndivyo anavyotaka. Sumu yake haina harufu, haina ladha, chakula kinaweza kuonekana kizuri.

Jicho_la_Tatu
Wakuu mnalishwa hadithi. Mwanzo uchafu, ikaja chupa, yakaja maharage, sasa kabati zima. Kila akibanwa anatoa jipya. Na mimi kila wiki naoka kwenye bakuli la kioo nyuzi 180, halijawahi kupasuka. Chupa ipasuke kwa 120?

BabuMpishi
Hata mimi nimeanza kusita. Ulisema wageni keshokutwa, hao wageni wanakula nini?

FundiKoili
Jicho, bakuli lako limetengenezwa kwa oveni. Chupa ya kuhifadhia haikutengenezwa kwa moto mkavu. Huyu kafunga kifuniko kwa nguvu, mvuke ndani hauna pa kutokea, halafu akafungua mlango hewa baridi ikapiga kioo cha moto. Nimeitwa kwenye nyumba mbili kwa kisa hikihiki, moja mama alichanika mkononi. Uzi uwe wa kweli au wa kutunga, hilo ni la kweli.

Jicho_la_Tatu
Basi aseme zile kumi na mbili ziko wapi. Kafungua moja, zibaki kumi na moja kabatini.

MamaPacha
Zimebaki tisa.

Mbili nilimpa mdogo wangu. Amejifungua wiki iliyopita, yuko peke yake na mtoto, nikaona nimpunguzie kupika. Sikutaka kuandika kwa sababu nilijua mtanisema. Sijatunga kitu. Nilimpenda tu.

Zuhura_K
Hakuna anayekusema. Mpigie sasa hivi.

MaabaraNaJiko
Mpigie. Asionje hata kidogo. Kama alikula, muulize lini, na alichemsha au alipasha tu. Kuchemka dakika kumi mfululizo kunaharibu sumu, kupasha hakutoshi. Muulize macho: anaona vitu viwili viwili? Kope nzito? Kinywa kikavu, ulimi mzito, kumeza kwa shida? Mara nyingi huanza saa 12 mpaka 36 baada ya kula, ila huweza kuchelewa siku kadhaa.

MamaPacha
Amepokea. Alifungua moja jana mchana, akapasha kidogo akala. Nyingine haijafunguliwa. Anasema kope zinamlemea tangu asubuhi na mate yamekauka, anadhani ni usingizi wa mtoto.

MaabaraNaJiko
Hospitali sasa, dada. Msisubiri asubuhi. Ukifika sema neno “botulizimu” waziwazi, ndio ugonjwa wa sumu hiyo, sema chakula cha chupa. Dawa ya kuzuia sumu inafaa zaidi ikiwahi. Ile chupa aliyokula ifunge kwenye mfuko, nenda nayo. Zako za kabatini usifungue wala kumwaga kwenye sinki.

Jicho_la_Tatu
Mleta uzi, nisamehe. Nenda.

MamaPacha
Tuko mapokezi. Daktari amemwangalia macho, amemwambia afuate kidole, kisha akauliza chupa iko wapi. Nimempa. Mtoto ninaye mimi mkononi.