Mtamba wa Friesian au Jersey: yupi atashika mimba kaskazi?

Mwana_Wete: Assalamu alaykum. Nataka mtamba wa maziwa. Nimeoneshwa wawili, chotara wa Friesian na chotara wa Jersey. Khofu yangu ni mimba: kaskazi, msimu wa joto, ng'ombe wa jirani kila akipandishwa anarudi kutaka dume. Nichukue yupi?

Malisho: Waalaykum salaam. Damu ya kigeni kiasi gani, nusu au robo tatu? Banda la bati au makuti? Utatumia dume au sindano ya mbegu? Bila ya hayo tunapiga ramli.

Mwana_Wete: Damu sikuuliza. Banda bati.

Ami_Konde: Jersey, yakhe! Mwili mdogo, joto hulihimili zaidi. Friesian ikifika saa nane mchana anahema ulimi nje.

Bi_Ole: Mie nilikuwa na Friesian robo tatu. Kaskazi nzima sikumuona kulia wala kurukia wenziwe, watu wakanambia tasa huyo, chinja. Kumbe joto lake la kutaka dume likija usiku wa manane, tena saa chache tu. Asubuhi nakuta ute umekauka mkiani. Siku tulomuwahi alfajiri, mtu wa sindano akaja kesho yake jioni, keshachelewa: ukimuona asubuhi basi jioni ile ile ndo apigwe. Tukarejea, wiki tatu tu, karudi. Daktari mwengine akanieleza kuwa mwili wa mama ukichemka siku za mwanzo, kijusi hufa hata kama mimba ilishika. Kipupwe kilipoingia, sindano moja tu, kashika.

Ami_Konde: Ndo maana mie dume tu. Dume la kienyeji halikosei.

Malisho: Hukosea, ami. Likipigwa na joto kali mbegu huharibika, na huchukua kama miezi miwili kupata nzima. Ila kweli wa kienyeji wa nundu anahimili: manyoya mafupi, anatoa jasho vizuri.

Ami_Konde: Na maziwa je? Kikombe!

Mjini_Magharibi: Nyie Pemba mshukuru hamkuwa na ndorobo, yule nzi anaeeneza maradhi ya ng'ombe. Huku Unguja tumepumua 1997, baada ya ndege kumwaga madume tasa ya ndorobo.

Bi_Ole: Ndorobo kaingiaje hapa? Kupe ndo anaetumaliza, homa yake ya ndigana haichagui kisiwa.

Malisho: Mwana_Wete, kaulize damu kwanza. Ikiwa robo tatu, bati hilo ulizibe makuti juu na maji yasikauke horini, mchana na usiku.

Mwana_Wete: Nitauliza. Makuti Wete siku hizi nani anashona?

Ami_Konde: Njoo Konde, lakini bei imepanda.