Meyer aliyeunda Liemba: jina la kazi gani?

Mchomeleaji_Kibirizi: Wakuu, mimi nachomelea vyuma hapa Kibirizi, Kigoma. Nimesoma kwamba Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, iliundwa 1913 kwenye kiwanda cha Meyer, Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipandevipande. Je, Meyer maana yake fundi chuma?

MwalimuMstaafu_Tabora: Hapana mwanangu, fundi chuma kwao ni Schmidt. Meyer limetoka Kilatini, *maior*, yaani mkubwa zaidi. Zama za kati *meier* alikuwa msimamizi wa mashamba ya bwana: anakusanya kodi, anasimamia wakulima. Baadaye hata mkulima mpangaji aliitwa hivyo, ndiyo maana wamejaa: Meier, Maier, Mayer, tahajia kila mtu na yake. Ila Wayahudi wengi wenye jina hilo wamelitoa kwenye Kiebrania, Meir, atoaye nuru. Usiwachanganye.

Mchomeleaji_Kibirizi: Shikamoo mwalimu. Kumbe nyapara!

MwalimuMstaafu_Tabora: Marahaba. Nyapara wetu wa Unyamwezi aliongoza misafara ya pembe. Huyo wao alikaa shambani.

Dagaa_Mbichi: Na aliyesimamia kuiunga hapa Kigoma ni Anton Rüter. Ikaingia majini 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe!