Wakuu naomba ushauri: laptopu imejaa harusi za watu, niweke diski gani kubwa?

Mpigapicha wa Moro

Habari za muda huu wakuu. Nina HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, diski ya GB 500 ile ya kuzunguka. Kazi yangu ni picha na video za harusi, sendofu na kicheni pati hapa Morogoro. Diski imebakiza GB 11. Kila Jumapili nafuta kitu ili nipate pa kumwaga kazi ya Jumamosi, na kuna wateja hata kopi zao hawajaja kuchukua. Nikiwasha mashine naenda kubandika chai, narudi duara bado linazunguka.

Kuna jamaa anauza diski ya nje ya TB 4, anasema fundi wake ataipasua kasha aiweke ndani ya laptopu. Fundi mwingine ananiambia diski ikibadilishwa ni lazima apige Windows upya, kwa hiyo kila kitu kinaondoka na leseni inakufa. Nani kati yao anasema kweli? Na je, mtu asiye fundi anaweza kuifanya hii kazi mwenyewe nyumbani?

Naomba kuwasilisha.

Bisibisi

Mkuu, kabla hujatoa hela: hiyo ya TB 4 haiingii. Diski za kuzunguka za inchi 2.5 zenye TB 4 na TB 5 zina unene wa mm 15. Chumba cha mashine yako ni cha diski nyembamba, nunua ya mm 7 hutakosea.

Halafu kuna jambo ambalo huyo jamaa huenda halijui. Diski nyingi za WD My Passport ukipasua kasha unakuta tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Tundu la SATA, lile la kuchomekea ndani ya laptopu, hakuna. Utakuwa umeharibu diski ya nje na ya ndani hujapata.

kaka wa Uyole

Fundi akiilazimisha utatembea na laptopu yenye kitambi 😂

Dada Bodi

Mpigapicha, mashine yako ina nafasi mbili za kuhifadhia na wewe unatumia moja. Wengi wenye 840 G3 hawalijui hili kwa kuwa hawajawahi kufungua kava ya chini. Nafasi ya kwanza ni hicho chumba cha inchi 2.5 chenye diski yako ya sasa. Ya pili ni sloti ya M.2 saizi ya 2280, yaani kijiti chenye upana wa mm 22 na urefu wa mm 80. Inakubali NVMe, yaani diski ya kasi isiyozunguka yenye umbo hilo la kijiti, na Windows inawaka kutoka humo bila ujanja wowote.

Kwa hiyo usitafute diski moja kubwa. Windows na programu yako ya kuhariri vikae kwenye NVMe, hata ya GB 500 inakutosha sana. Harusi zikae kwenye chumba cha inchi 2.5. Ukiweka TB 2 ya kuzunguka peke yake utapata nafasi, lakini chai utaendelea kubandika. HDD ya laptopu, yaani ya kuzunguka, husoma kama MB 100 kwa sekunde siku ikiwa njema. SSD ya SATA, yaani isiyozunguka ya inchi 2.5, hufika kama 550. NVMe kwenye mashine hii, ambayo njia yake ya data (PCIe) ni ya kizazi cha 3, inaweza kupita 3,000. Muuzaji akikubembeleza uchukue ya kizazi cha 4 kwa bei ya juu, mwache nayo. Itafanya kazi, ila kwa mwendo wa kizazi cha 3.

Tahadhari kwa hizo TB 2 za kuzunguka zenye mm 7: karibu zote ni za aina ya SMR, njia za data zimepandishana ili nafasi iongezeke. Ukimwaga GB 100 za video kwa mpigo huanza vizuri, halafu mwendo unaporomoka. Kama ghala si mbaya. Kuhariri moja kwa moja juu yake utachoka. Mimi kwa hela yangu ningechukua SSD ya SATA ya TB 1 badala ya HDD ya TB 2, kisha kazi zilizokwisha zihamie kwenye diski ya nje. Hiyo TB 4 ya jamaa ndipo mahali pake, ndani ya kasha lake.

Mpigapicha wa Moro

Dada Bodi ubarikiwe, sloti ya pili sikuwa na habari nayo kabisa. Kwa hiyo nikloni, yaani ninakili diski yote kama ilivyo iende kwenye NVMe, au nipige Windows upya? Nimeshazoea mpangilio wangu.

Mzee wa Bakapu

Kabla ya kukloni, shusha CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski. Ifungue, tuambie diski yako inasomeka rangi gani na imefanya kazi masaa mangapi. Diski ya mtumba iliyokaa inazunguka miaka yote hiyo, hata mimi ningeiogopa.

Kisha bonyeza Windows na R, andika msinfo32, tazama mstari wa BIOS Mode. Ni UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) au Legacy (ya zamani)?

Mpigapicha wa Moro

Njano, Caution. Masaa elfu 21 na ushee. Mstari wa C5 una namba ambayo si sifuri. BIOS Mode imeandika Legacy.

Mzee wa Bakapu

Basi uzi umebadilika, mkuu. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuzijaribu tena. Usikloni sasa hivi. Usiisafishe, usiipangie upya vipande vya faili (defrag), usipige chkdsk, ile zana ya Windows ya kukagua diski, ukidhani unaitibu. Diski inayougua ukiichosha kwa kazi kubwa inaweza kukufia mkononi. Leo hii nunua hiyo diski ya nje, nakili kwanza harusi ambazo wateja hawajachukua, ndipo mengine yafuate. Tumia tundu la USB 3. GB 400 kwa USB 3 ni saa moja na kidogo kama diski inasoma vizuri, kwa USB 2 utakesha zaidi ya saa tatu. Faili likigoma, liruke uendelee, utalirudia mwisho.

Laptopu iwe na chaji ya kutosha, umeme wa Tanesco hauulizi umefika wapi.

Bisibisi

Naunga mkono. Na hiyo Legacy ndiyo inayonifanya niseme piga Windows upya. NVMe inataka UEFI. Kuna zana ya Microsoft inaitwa mbr2gpt inayogeuza diski bila kufuta kitu, na kwenye diski nzima yenye afya ningekwambia uitumie halafu ukloni. Kwenye diski yenye C5? Hapana.

kaka wa Uyole

Kupiga upya kwani tatizo nini, kila kitu kinakuwa kipya. Kukloni ni kuhamisha na takataka zako.

Dada Bodi

Si kila mtu, kaka. Mwenye programu za ofisi zilizosajiliwa kwa taabu kukloni kunamwokolea wiki nzima. Ila kwa huyu nakubaliana nanyi.

Kuhusu leseni, fundi wako wa pili kakutisha bure. Leseni ya kidijitali ya Windows 10 inafuata ubao mama, haifuati diski. Mashine hizi za kiofisi nyingi zina ufunguo wa Windows ndani ya BIOS. Ukifika pale inapodai ufunguo, ruka. Ukiunganisha intaneti itajiamsha yenyewe. Kama iliyomo sasa ilipigwa kihuni kwa zana za mtaani, hilo ni suala jingine. Tazama kwenye Settings, Activation, usome imeandika nini kabla hujafungua chochote.

Na ukiona neno BitLocker popote, yaani diski imefungwa kwa siri, hakikisha una ule ufunguo wa kurejesha, huwa unahifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Mswahili wa Likoni

Niko Mombasa, nafuatilia. Ndugu yangu, jua pia Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na i5 ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha yao ya Windows 11. Mimi 840 G3 yangu inaendesha Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, haina kelele.

Mpigapicha wa Moro

Mint programu yangu ya kuhariri haipo, kaka. Nitabaki hapa hapa kwanza.

Mafaili yamehama yote isipokuwa video mbili za kicheni pati ambazo nakala yake mteja anayo. Nimeshuka Kariakoo, nimerudi na NVMe ya GB 500 na SSD ya SATA ya TB 1, mm 7. Nielekezeni kufungua.

Bisibisi

Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja. Skrubu za kava ya chini zinalegea tu, hubaki kwenye kava, kwa hiyo usizivute ukidhani zimekwama. Ukishafungua, kitu cha kwanza ni kiunganishi cha betri: kitoe, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Gusa chuma chochote kabla ya kugusa bodi.

NVMe huingia kwa mshazari na itasimama imeinama, usishtuke. Ilaze kwa kidole, ifunge kwa skrubu. Hiyo skrubu ndogo kwenye mitumba huwa haipo, mwulize aliyekuuzia akupe. Na kuna sloti nyingine ya kadi ya modemu inayofanana. Kijiti kisipoingia kwa ulaini, uko kwenye sloti siyo.

Diski ya zamani itoe kabisa kabla ya kupiga Windows. Ukiiacha ndani, Windows inaweza kuweka faili za kuwashia kwenye ile ya zamani, siku ukiitoa mashine haiwaki na utarudi hapa kutulaumu. SSD ya TB 1 ichomeke baada ya Windows kukaa. BIOS iweke UEFI kabla hujachomeka fleshi ya kupigia Windows.

fundi_Kigoma

Nyongeza kwa wasomaji wengine: 840 G3 zilizouzwa zikiwa na M.2 tu mara nyingi hazina kebo nyembamba ya SATA wala kishikio cha diski. Tazama ndani kabla ya kununua SSD ya inchi 2.5. Huyu ana bahati, yake ilikuja na diski.

Mpigapicha wa Moro

Wakuu, inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Imejiamsha yenyewe, Windows 10 Pro. Ila mmoja anieleze: SSD imeandikwa TB 1, Windows inasema GB 931. Nimepunjwa?

Dada Bodi

Hujapunjwa. Kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Ile ya GB 500 nayo utaiona 465.

Lakini pitisha H2testw kwenye hiyo SSD kabla hujaijaza. Inaandika diski nzima kisha inasoma tena, na diski feki inayodanganya ukubwa wake haipiti hapo.

Mpigapicha wa Moro

Imepita bila kosa. Sasa ile ya zamani niitafutie kasha niitumie kama diski ya nje?

Mzee wa Bakapu

Iwekee kasha, lakini kazi ya mteja isikanyage humo. Bandika karatasi juu, andika MBOVU, iweke kabatini. Usiifute hadi ufungue video moja moja kwenye diski mpya na kwenye ile ya nje uone zinacheza hadi mwisho, maana faili linaweza kunakilika jina na ukubwa vikawa sawa, katikati picha imekatika.