Mdogo wangu ameitwa Texas kukimbia: junia koleji au komyuniti koleji?

DadaWaEldoret: Habari zenu wanajamvi. Mdogo wangu amemaliza KCSE na anakimbia mita 5,000 vizuri. Kocha wa junia koleji moja magharibi mwa Texas amemwahidi ufadhili. Mjomba wetu wa Dallas hataki. Anasema akae kwake asome komyuniti koleji ya jirani. Baba naye anauliza kama hiyo junia ni sekondari. Kijana anataka uhandisi wa ujenzi. Tumpeleke wapi?

MzeeWaHouston: Dada, mtoe baba wasiwasi, ni chuo kamili. "Junia" ndilo jina la zamani. Cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi 6, wapate kusoma miaka miwili ya mwanzo ya yunivasiti bila kuhama kwao. Jina la chuo cha jamii, yaani komyuniti koleji, lilishika kasi baada ya tume ya Rais Truman wa Marekani kutoa ripoti yake mwaka 1947, ikitaka vyuo hivi vimhudumie kila mtu wa mtaa, hadi mfanyakazi anayesoma usiku. Vingine havikubadili jina: Tyler Junior College ni cha umma na kinafundisha uuguzi kama wenzake. Kote anamaliza na shahada ya miaka miwili, kredi (vipimo vya uzito wa kozi) kama 60.

MamaBaraka: Mimi naongezea upande wa pesa. Vyuo vya umma vya aina hii Texas hupata sehemu ya fedha kutoka kodi ya ardhi na nyumba za eneo lake, ndiyo maana karo ina bei tofauti: ya mkazi wa eneo, ya Mtexas wa kwingine, na ya mgeni. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kwa kawaida hulipa ya mgeni, hata akilala sebuleni kwa mjomba. Tena lazima achukue kredi 12 kila muhula, na kazi ni ya ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Mjomba asimwahidi kazi ya dukani, atamharibia viza.

MbioNdefu: Nimepitia njia hiyo ya kukimbia. Nenda kwa kocha bila woga, Wakenya wamekuwa wakikimbia mbio kwenye timu ya South Plains College pale Levelland miaka mingi. Lakini uliza timu iko divisheni gani ya NJCAA, chama cha michezo cha junia koleji. Ya kwanza inaruhusiwa kulipia karo, hosteli, chakula na vitabu. Ya pili haigusi hosteli wala chakula. Ya tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Neno la kocha kwenye simu halitoshi, dai barua.

DadaWaEldoret: Asanteni sana. Je, kredi zitakubaliwa akihamia yunivasiti?

MzeeWaHouston: Hapa ndipo vijana wengi hupoteza mwaka. Texas ina masomo ya msingi ya kredi 42. Akiyamaliza yote, yunivasiti yoyote ya umma ya jimbo inayapokea kwa pamoja. Namba za kozi nazo zinafanana: ENGL 1301, kozi ya Kiingereza, ya Levelland ndiyo ya Houston. Kozi ambayo namba yake inaanza na sifuri, kama MATH 0310 ya hesabu, ni ya kumwinua tu, haihesabiki kwenye shahada. Kwa hiyo afanye mazoezi ya hesabu kabla ya mtihani wa kumpanga, aingie kalkulasi mapema. Na mshauri wa masomo aambiwe wiki ya kwanza kwamba lengo ni uhandisi, la sivyo atapangiwa kozi za kujaza ratiba.

DadaWaEldoret: Barua imefika leo. Divisheni ya kwanza, karo na hosteli zimeandikwa. Bima ya afya haimo.

MbioNdefu: Basi hiyo ndiyo ya kumpigia kocha kesho. Muulize pia hosteli ikifungwa Desemba wanariadha hulala wapi. Mengine yakikaa sawa, mimi ningemwachia aende.